Baiskeli ya Kukulia

Nyumbani kwa Apolinari, kule Mabibo, asubuhi ilianzaga na gazeti. Si la kusoma. La kujazia viatu. Fransis, mtoto wake wa mwisho, alikaa mlangoni akichana gazeti la juzi, akalisokota, akalisukuma mpaka mbele kabisa ya kiatu cha shule. Hapo kidole gumba kilipata pa kuegemea.

"Baba, hiki kiatu kinapiga kelele. Nikitembea darasani wote wanageuka."

"Waache wageuke. Utakikulia."

Hilo ndilo lilikuwa neno la Apolinari. Kukulia. Shati la kukulia. Sare ya kukulia. Hata pete ya ndoa aliyomvisha mkewe, Eliaichi, ilikuwa kubwa. Eliaichi aliizungushia uzi kwa ndani isije ikadondokea kwenye unga. Akiulizwa mpaka leo anasema, "Mwenzenu aliniambia nitanenepa." Na kweli alinenepa, kwa hiyo hilo la pete tusimlaumu sana.

Hakuwa bahili. Alikuwa karani kwenye ghala la viazi pale sokoni Mabibo, na alizaliwa Bukoba kwenye nyumba yenye watoto wengi. Kwao nguo ilianza kwa mkubwa, ikashuka, ikashuka, mpaka ikaishia kuwa tambara la kudekia. Mtu aliyelelewa hivyo akiona kitu kinachobana, anaona hasara.

Lakini Apolinari alikuwa na jambo jingine tumboni. Hofu. Aliogopa baiskeli.

Kaka yake, Erasmus, alianguka na baiskeli ya baba yao wakiwa bado watoto. Walikuwa wanashuka kilima kuelekea mtoni, Erasmus juu ya baiskeli, Apolinari nyuma anakimbia huku anacheka. Mpaka leo Erasmus ni mzee na mguu wake wa kushoto unakwenda pembeni kama mlango uliong'oka bawaba. Kwao walisemaga ni mteremko. Wengine walisema ni breki. Apolinari alishika hilo la breki, akakua nalo.

Sasa mtu kama huyo, Mungu alimpa binti gani? Alimpa Jovina.

Jovina alikuwa na miaka kumi na tisa, mfupi, mwepesi, mikono haitulii. Wiki nzima alikuwa anasuka watu nywele. Jumamosi alfajiri alikuwa na wasichana wenzake kwenye barabara ya Bagamoyo, wanajifunza kuendesha baiskeli za resi, zile za matairi membamba na usukani uliojikunja kama pembe za kondoo. Baiskeli zilikuwa za klabu. Siku moja mwalimu wao akawaambia:

"Nyie sasa mmejua. Hizi nawapa wanaoanza. Kuanzia Jumamosi ijayo kila mtu aje na yake. Atakayekuja nayo tutakwenda naye mpaka mashindano ya mwisho wa mwaka. Asiyekuja, atusamehe."

Jovina alirudi nyumbani akaweka akiba yake ya kusuka mezani. Akaeleza alichosema mwalimu. Kisha akamtazama baba yake.

Apolinari akaisogeza ile hela pembeni. "Yaani barabara yote ile? Na malori yale?"

"Baba, nimeshaendesha miezi yote hii."

"Za watu. Sasa unataka yako."

Eliaichi akaingilia kati, bakuli la dagaa mkononi. "Baba Jovina, ukimkatalia ataazima mbovu ya mtu. Si bora uchague wewe unayeogopa?"

Hapo mama aliongea. Apolinari hakulala vizuri, lakini asubuhi alipata jibu. Atakwenda mwenyewe. Atachagua baiskeli yenye breki kali kuliko zote Dar es Salaam.

"Twende wote," alisema Jovina.

"Wa nini? Viatu vyenu nani anachagua?"

"Wewe."

"Haya."

Akaenda peke yake Manzese, kwa muuzaji wa baiskeli za mtumba anayeitwa Brightson, kijana mwenye kalamu sikioni na maneno mengi.

"Karibu mzee wangu! Shikamoo. Ya nani, yako?"

"Marahaba. Ya binti yangu. Ya resi. Lakini isiwe ya ghali, ndiyo anaanza."

"Ana urefu gani?"

"Wa kawaida. Nipe kubwa. Ana mdogo wake, anakuja juu kama mgomba. Baadaye ataitumia na yeye. Na mie nikistaafu, nani ajuaye."

Brightson alicheka. "Mzee unanunua baiskeli au basi?"

"We nipe kubwa."

Akaonyeshwa nyekundu. Rangi iling'aa, na bado ilinukia upya. Kwenye fremu kulikuwa na stika kila mahali. Apolinari hakutazama stika. Alibana breki. Akaachia. Akabana. Alibana mpaka wateja wengine wakaanza kumkodolea macho.

"Mzee, breki si ndimu hiyo," alisema Brightson.

"Niache."

Breki zilishika. Moyo wake ukatulia kidogo. Akalipa, akapakia baiskeli kwenye bajaji, akarudi nayo akiwa ameishika kama mgonjwa.

Kesho yake mapema Jovina aliipanda. Apolinari na Eliaichi walisimama nje, Fransis kwenye gazeti lake. Jovina alitabasamu, maana ni zawadi ya baba, lakini alipokaa, miguu ilining'inia.

"Siti inashuka?" aliuliza.

Wakaishusha mpaka ikagoma. Bado. Mikono yake ilinyooka yote, na vidole vilizifikia breki kwa ncha tu, kama mtu anayechokonoa embe kwa mti mfupi.

"Utaizoea," alisema Apolinari.

Jovina akaondoka. Mtaa ule una kona kwenye duka la mapazia, na hapo ndipo bajaji ilipotokea. Haikuwa na kasi. Jovina aliiona vizuri. Alijivuta mbele akabana breki, na breki zikashika kweli, baiskeli ikasimama palepale. Kisha akanyoosha mguu aguse chini, akakosa. Baiskeli ikalala upande wa barabarani, na yeye akalala nayo. Tairi la bajaji lilisimama karibu sana na kichwa chake.

Dereva akaruka nje. "We dada! We dada, unataka niende jela asubuhi hii?"

Apolinari hajui alifikaje pale. Alijikuta amepiga magoti kwenye vumbi, anamshikashika binti yake kichwa, mabega, magoti. Goti limechubuka. Basi. Hakuna kingine.

"Imekwisha," alisema. "Hakuna baiskeli tena nyumba hii. Umesikia? Imekwisha!"

Jovina aliinuka. Aliisukuma baiskeli mpaka nyumbani, akaiegemeza ukutani, akaingia ndani. Alilia kimya, na kilio cha kimya ndicho kinachoumiza mzazi.

Sasa, mwenye lile duka la mapazia ni Bi Masuma. Familia yao iko Dar tangu babu wa babu, Mashia wenye asili ya Kihindi. Ni mama wa makamo, mtaratibu, hijabu yake haijawahi kukaa upande. Jumatatu mpaka Jumamosi anakata mapazia. Jumapili alfajiri anavaa kofia ngumu juu ya hijabu, anapanda baiskeli yake ya resi mpaka Kunduchi na kurudi. Mtaa ulimcheka mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili ulichoka.

Aliona kila kitu kwa dirisha. Akafunga duka, akaja.

"Hodi humu."

"Karibu, dada Masuma," alisema Apolinari. Alikuwa amekaa kwenye ndoo, kikombe cha chai mkononi, chai imepoa.

"Pole. Breki zilishika?"

"Zilishika! Hilo ndilo linanichanganya. Nilizijaribu mwenyewe."

"Muite Jovina."

Jovina akatoka, macho mekundu. "Shikamoo, anti."

"Marahaba mwanangu. Njoo usimame hapa. Usikae kwenye siti. Simama tu, bomba la juu la fremu liwe katikati ya miguu yako."

Jovina akasimama. Ilibidi anyanyuke kwa ncha za vidole, na bado bomba lilimbana.

"Baba Jovina," alisema Bi Masuma. "Tazama miguu yake."

Apolinari akatazama vile vidole vya miguu vinavyotafuta ardhi. Akatazama sana. Akaweka kikombe chini.

Maana aliwahi kuviona vidole hivyo. Si vya Jovina. Erasmus alikuwa mtoto mdogo juu ya baiskeli ya mtu mzima. Hata kwenye siti hakukaa, alipitisha mguu katikati ya fremu kwa sababu bomba la juu lilimzidi. Na breki za baba yao zilikuwa nzima. Jioni ileile baba aliipanda akaenda nayo sokoni! Erasmus alisimamisha baiskeli vizuri kule chini, Apolinari aliona kwa macho yake. Halafu akatafuta chini pa kukanyaga, hapakuwepo, akalalia upande wa korongo na baiskeli juu yake.

Miaka yote ile aliogopa breki, halafu akatembea mpaka Manzese kumnunulia binti yake baiskeli ya Erasmus.

"Nimemletea ya kukulia," alisema polepole.

"Na yeye ameshamaliza kukua," alisema Eliaichi kutoka jikoni. "Labda akue kwa upana kama mie."

Bi Masuma alicheka, kisha akaeleza. "Siti inapanda na kushuka. Fremu haipungui. Ukikosea fremu umekosea yote. Mie ya kwanza nilinunua ndefu vilevile, nikaumwa mgongo na shingo nikadhani ni uzee. Twendeni tukaibadilishe leo, kabla haijapata mchubuko mwingine."

Apolinari aliitazama baiskeli. Hofu haikuwa imetoka. "Dada, na ile ya saizi yake... hataanguka?"

"Kutoanguka siwezi kukuahidi. Lakini atakuwa na miguu chini na mikono kwenye breki. Kwa hii hana."

Akainuka. "Jovina, vaa viatu."

Kule Manzese, Brightson aliwaona kwa mbali akaweka mikono kichwani. "Mzee wa ndimu! Imeharibika?"

"Kubwa," alisema Apolinari kwa sauti ndogo.

"Nilikuuliza mzee wangu! Nikakuuliza urefu. Miguu anayo yeye, na ulimwacha nyumbani."

Alikuwa na haki ya kusema. Akaikagua nyekundu, akakubali kuibadilisha. Bi Masuma aliomba waitazame kwanza juani, wajifunze kabla ya kuchagua nyingine. Akapitisha kidole pale mabomba yanapoungana.

"Hii imepigwa rangi juzi. Chini ya rangi sijui kuna nini. Inawezekana hakuna kitu. Inawezekana kuna ufa. Mie napenda rangi ya zamani yenye mikwaruzo, maana inanionyesha yote."

Brightson akakuna shingo. "Wateja wanapenda kung'aa, mama."

Jovina akaanza kusimama juu ya baiskeli moja baada ya nyingine. Hii bado ndefu. Hii fupi mno, magoti yanagonga usukani. Ikaja ya kijivu, imepauka, stika imebaki nusu. Akasimama juu yake. Nyayo zote mbili zikakaa chini, na bomba likaacha nafasi ya vidole kama viwili.

"Sasa kaa," alisema Bi Masuma. "Baba yako akushikie. Weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu umenyooka? Basi siti iko sawa. Ukiendesha utakanyaga kwa mbele ya unyayo, na goti litabaki limekunjika kidogo. Shika breki. Viwiko?"

"Vimekunjika, anti."

"Vizuri. Hutakiwi kujinyoosha kama unaanua nguo."

Apolinari aliishika ile baiskeli kwa mikono miwili. "Gia zake chache," alisema. "Ile nyekundu ilikuwa nazo nyingi."

"Chache zinazoingia vizuri zinatosha kwa anayeanza. Brightson, inyanyue nyuma." Jovina akazungusha pedeli kwa mkono, akabadilisha gia moja moja. Cheni ilihama bila kuruka. Kisha Bi Masuma akaivuta cheni kwa vidole, pale mbele kwenye lile gurudumu la meno penye pedeli. "Ikinyanyuka sana mpaka uone jino zima chini yake, imelegea. Cheni ikiisha inakula na meno, na meno ni ghali kuliko cheni. Hii imekaa. Zungusha magurudumu."

Wakayazungusha, jicho kwenye raba za breki. La mbele lilikwenda sawa. La nyuma lilicheza, likagusa raba upande mmoja, likaachia.

"Hilo limepinda!" Apolinari akadaka. "Tuache. Tuache hii."

"Ngoja, baba Jovina. Usikimbie. Rimu, hili duara la chuma, halina ufa wala mbonyeo wa kugonga. Ni spoku, hizi nyaya za gurudumu, zimelegea. Fundi anazikaza. Brightson atazikaza sasa hivi, bila kuongeza bei, maana anatupenda."

"Mie sijasema," alisema Brightson, lakini alikuwa ameshachukua ufunguo wa spoku.

Wakati anakaza, Bi Masuma akamwambia Jovina abane breki ya kushoto. "Inasimamisha gurudumu gani?"

"La mbele, anti. Zile za klabu, breki ya mbele ilikuwa mkono wa kulia."

"Umeona? Za mtumba zinatoka nchi mbalimbali, na kila nchi na mkono wake. Usipojua, siku ya haraka utabana mbele kwa nguvu ukidhani ni nyuma, na baiskeli itakurusha juu ya usukani. Mwambie fundi azihamishe nyaya, zikae kama ulivyozoea."

Apolinari akaitazama ile nyekundu. Yeye alibana breki zile za nyekundu kama kichaa, na hata siku moja hakuuliza mkono upi ni wa wapi.

Wakatazama matairi pia. Yalikuwa membamba, lakini si membamba kama waya, na fremu ilikuwa na nafasi ya kuweka mapana kidogo. "Njia zetu zina mchanga na mashimo," alisema Bi Masuma. "Na kabla ya kulipa, uliza tyubu za saizi hii zinapatikana wapi. Baiskeli nzuri isiyo na tyubu mtaani ni pambo la ukutani."

Brightson akaonyesha anazo. Ile ya kijivu ilikuwa na bei chini ya nyekundu, na Bi Masuma hakuacha chenji iende mfukoni. Ikanunua kofia ngumu, tyubu ya akiba, pampu na taa ya nyuma. "Watu wanamaliza hela yote kwenye baiskeli, halafu kichwa kinabaki wazi." Brightson akaandika risiti, na namba iliyogongwa chini ya fremu akaiandika pia, ili mtu asije akasema ya wizi.

Ikafika Jumamosi. Jovina aliondoka giza halijaisha. Apolinari alikuwa ameshaondoka kabla yake. Alimwambia mkewe anakwenda Kunduchi kununua samaki. Eliaichi akamtazama. Mtu huyu hajawahi kununua samaki.

Alisimama kando ya barabara pale wasichana wangepita. Kila lori lililopita, alirudi nyuma hatua moja. King'ora cha gari la wagonjwa kilisikika kwa mbali kuelekea mjini, akahesabu watu wote anaowajua wanaoweza kuwa ndani yake, akafika kwa mmoja tu. Kisha wakaja. Kofia ngumu nyeupe, nyekundu, bluu, wasichana wamejipanga mstari mmoja, wakapita wanaita, "Shikamoo babaa!"

Jovina hayupo.

Akatazama nyuma yao. Barabara tupu. Akaanza kutembea kuelekea walikotoka, kisha kutembea kukawa kukimbia, mzee wa watu na mfuko wa samaki mkononi.

Akaiona ya kijivu. Ilikuja taratibu, halafu kwa kasi, halafu ikapunguza. Jovina alibana breki, akasimama mbele yake, nyayo zote mbili chini.

"Baba! Mbona unakimbia?"

"Ulikuwa wapi?"

"Kuna lori lilisimama ghafla mbele yangu, kule nyuma. Nikabana, nikasimama. Wenzangu walikuwa wameshalipita."

"Ukaanguka?"

"Sijaanguka. Nilisimama tu." Akaonyesha chini kwa kidevu. "Nikakanyaga."

Apolinari alitazama viatu vya binti yake kwenye lami. Alivitazama mpaka Jovina akasema, "Baba, wananiacha," akaruka juu, akaondoka. Mgongo wake ukapungua, ukapungua, ukawafikia wenzake. Na Apolinari akagundua kwamba kwa mara ya kwanza anamtazama mtu wake juu ya baiskeli, yeye mwenyewe akiwa amesimama palepale, hakimbii nyuma yake.

Akatoa simu.

"Mama Jovina. Amepita. Mzima."

"Mungu ni mwema. Na samaki?"

"Ninao. Sikiliza. Mwambie Fransis Jumatatu asichane gazeti. Nitakwenda naye dukani, tununue viatu."

"Saizi gani?"

"Mie sijui," alisema Apolinari. "Miguu anayo yeye."